Linalojulikana litakuja si dharura

Kila mwaka, sikukuu zikishapita na mwezi wa Januari ukaingia, simu za Waswahili walioko Uingereza huanza kulia kwa jambo moja. Huyu gari lake limekataliwa kwenye ukaguzi na hana pesa za matengenezo. Yule bima yake imemalizika na kampuni inataka malipo ya mwaka mzima. Mwingine kapata ujumbe kutoka nyumbani kwamba watoto wa marehemu kaka yake hawatapokewa skuli bila ya ada. Wa nne anatafuta wa kumkopesha kwa sababu muda wa viza ya mkewe umekaribia kumalizika. Na wote hao, ukiwauliza kimewapata nini, watakujibu kwa neno moja: dharura.

Sisi tunasema hizo si dharura. Januari haikuanza mwaka huu. Ukaguzi wa gari una tarehe yake, na tarehe hiyo imeandikwa kwenye karatasi tangu mwaka jana. Bima ina tarehe yake. Viza ina tarehe yake. Skuli za Tanzania na Kenya zimekuwa zikifungua mwaka Januari tangu wengi wetu tuko darasani. Jambo ambalo siku yake inajulikana miezi kumi na miwili kabla halistahiki kuitwa dharura hata kidogo. Ni bili kama bili nyengine, tofauti yake ni kwamba haiji kila mwezi, na kwa kuwa haiji kila mwezi tunaisahau mpaka ibishe hodi.

Tunaliandika hili leo kwa sababu tunaona madhara yake yanazidi katika jamii yetu. Watu wazima wenye kazi, wasiocheza kamari wala kulewa, wamezama kwenye madeni ya kadi ambayo hata wake zao au waume zao hawayajui. Udugu unavunjika kwa pauni mia tatu zilizokopwa na hazikurudi. Na aibu ndiyo inayolikuza jambo hili, kwani nani atakayesimama mbele za watu aseme kwamba yeye wa Ulaya, anayetegemewa na watu kumi nyumbani, ameshindwa kununua matairi mawili?

Tuanze kwa kuyaweka matumizi mahali pake. Yako ya kila mwezi, nayo kila mtu anayajua: pango, umeme na gesi, chakula, nauli, simu. Yako yenye tarehe lakini si ya kila mwezi: bima, kodi ya gari, ukaguzi, leseni ya televisheni, sare za watoto, sikukuu, ada za nyumbani, viza. Yako yasiyo na tarehe lakini lazima yaje: tairi litakwisha, betri itakufa, mashine ya kufulia itasimama ikiwa imejaa nguo na maji. Ya nne, na haya tu ndiyo dharura ya kweli, ni kifo, maradhi makubwa, na kupoteza kazi. Kosa linalofanyika katika nyumba nyingi ni kwamba bajeti inapigwa kwa hesabu ya fungu la kwanza peke yake, na mafungu mengine yote yanaachiwa Mungu.

Gari ndio mfano ulio wazi zaidi. Wapo watakaosema kwamba mwenye shida aliuze gari apande basi. Wanaosema hivyo hawajui kazi zetu. Dada anayehudumia wazee nyumba kwa nyumba anaanza saa kumi na mbili asubuhi kijiji hiki na anamaliza saa nne usiku kijiji cha pili. Kijana wa ghala anaingia zamu ya usiku mahali ambapo basi la mwisho limeshapita. Dereva wa teksi ndio usiseme. Kwa watu hawa gari ni jembe, na mkulima aliyevunjikiwa na jembe msimu wa kupanda hana msimu.

Sasa tazameni gari linavyodai. Ukaguzi wa MOT ulianzishwa mwaka 1960, wakati huo kwa magari yaliyofikia miaka kumi, na jina lake limetokana na iliyokuwa Wizara ya Uchukuzi. Leo katika England, Scotland na Wales gari hukaguliwa likitimiza miaka mitatu na baada ya hapo kila mwaka, na gharama ya juu iliyowekwa kwa gari dogo ni pauni 54.85. Hiyo si pesa ya kumuangusha mtu. Kinachomuangusha ni orodha anayotoka nayo fundi: breki, springi, bomba la moshi, tairi. Sheria inataka tairi liwe na kina kisichopungua milimita 1.6, na anayekamatwa na tairi bovu anaweza kutozwa faini mpaka pauni 2,500 na alama tatu kwenye leseni, kwa kila tairi. Anayeendesha bila ya bima anapewa faini ya pauni 300 na alama sita hapo hapo, na polisi wanaweza kulichukua gari lenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitumii. Gari likipita ukaguzi, cheti mara nyingi huja na maneno ya ushauri: tairi la mbele la kushoto linakaribia mwisho, pedi za breki zimepungua, kuna kutu chini. Watu husoma neno “limepita”, wakafurahi, wakakitia cheti kwenye droo. Ushauri huo ndio bajeti yako ya mwaka ujao, umeandikiwa bure na fundi aliyelitazama gari chini na juu. Tena matokeo ya ukaguzi wa kila gari yako wazi kwenye tovuti ya serikali, unaingiza namba ya gari tu. Anayetaka kununua gari kuukuu na asitazame historia hiyo ananunua madeni ya mtu mwengine. Na gari linaweza kukaguliwa mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya tarehe yake bila ya kupoteza tarehe hiyo, kwa hivyo hakuna sababu ya kungoja siku ya mwisho, ambapo gari likikataliwa kesho yake huna pa kwendea kazini.

Tupige hesabu ya mfano, kila mtu ataweka tarakimu zake. Bima tuseme pauni 720. Kodi ya gari, kwa kiwango cha kawaida kilichowekwa Aprili 2025 kwa magari yaliyosajiliwa kuanzia Aprili 2017, pauni 195. Ukaguzi 54.85. Sevisi 200. Matairi mawili 140. Matengenezo ambayo hatuyajui lakini hayakosi, 300. Jumla ni pauni 1,609.85 kwa mwaka, yaani kiasi cha pauni 31 kwa wiki. Tuingie nyumbani: leseni ya televisheni, iliyopanda kufikia 174.50 mwezi wa Aprili 2025, sare na viatu vya watoto 200, sikukuu 300, ada ya Januari ya kule kwetu 400, na 150 za kifaa kitakachoharibika. Jumla 1,224.50. Ukizikusanya zote mbili ni 2,834.35, sawa na pauni 54 na nusu kila wiki.

Tunajua msomaji atashtuka: pauni 54 kila wiki nizitoe wapi? Jibu letu ni kwamba unazitoa sasa hivi. Mwaka uliopita ulizilipa, na mwaka wa kabla yake pia. Hukuzilipa wewe zilipotakiwa, ikalipa kadi, nawe ukairudishia kadi pamoja na faida yake. Swali basi si kama utazilipa au hutazilipa. Swali ni kama utazilipa kwa bei yake au kwa bei yake na juu.

Na hiyo “juu” ina njia nyingi za kuingia. Bima ya gari ukiilipa kila mwezi, mara nyingi huo ni mkopo na una riba, na gharama hiyo ilitia wasiwasi kiasi kwamba mamlaka ya kusimamia fedha, FCA, ilianzisha uchunguzi wake Oktoba 2024. Kodi ya gari ukiilipa kwa mwezi au kwa nusu mwaka kupitia benki, unaongezewa asilimia tano. Kwa hivyo maskini hulipa ghali kuliko tajiri kwa kitu kile kile, kwa sababu tu tajiri alikuwa na fungu lote kwa siku moja. Wasomaji wetu Waislamu wanaohangaika kukimbia riba ya nyumba walitazame na hili, kwani riba inaweza kumuingilia mtu kupitia mlango wa gari naye hana habari. Aliyeweka pauni 60 kila mwezi kwa mwaka mmoja ataulipa mwaka wa pili kwa mkupuo mmoja, na hatorudi tena kwenye mkopo huo.

Zaidi ya hapo kuna mikopo ya haraka. Wengi wanaikumbuka Wonga, ambayo matangazo yake yalikuwa hayakatiki kwenye televisheni mpaka ilipofilisika Agosti 2018. Kuanzia Januari 2015 sheria imeweka kikomo: riba na ada zisizidi asilimia 0.8 kwa siku, na gharama zote zisizidi kiasi kilichokopwa. Maana yake hata baada ya sheria kuwahurumia watu, aliyekopa pauni 300 za breki anaweza kurudisha 600. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na ilhali hapo hata hiyo harusi haikuwepo.

Yapo mengine ambayo watu hulipa wakati si yao. Aliyepanga nyumba ya mtu binafsi na boila ikaharibika, asikimbilie mfukoni mwake. Sheria ya mwaka 1985 inayohusu mwenye nyumba na mpangaji, kwa England, inamtaka mwenye nyumba atengeneze mitambo ya maji, gesi, umeme na joto, na kanuni nyengine zinataka vyombo vya gesi vilivyo vyake vikaguliwe kila mwaka na fundi aliyesajiliwa. Vivyo hivyo dada zetu wanaotumia magari yao wenyewe kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwengine: ikiwa muajiri anawalipa chini ya kiwango kinachotambuliwa na mamlaka ya kodi, ambacho tangu mwaka 2011 kiliwekwa peni 45 kwa maili kwa maili 10,000 za kwanza, wanaweza kudai nafuu ya kodi kwa tofauti hiyo, hata kwa miaka minne ya nyuma. Safari ya kutoka nyumbani kwenda kazini haihesabiwi, lakini ya baina ya mgonjwa na mgonjwa inahesabiwa. Wangapi wanaoandika maili zao kwenye daftari?

Ipo pia kodi ya kaunsili, iliyoanza mwaka 1993. Kwa kawaida inagawanywa mafungu kumi kuanzia Aprili, na hivyo Februari na Machi wengi huwa hawalipi. Miezi hiyo miwili watu huiona kama zawadi, pesa zikaenda zisikojulikana. Pesa ya miezi hiyo miwili ingewekwa kando, familia nyingi zingepata bima ya gari au matairi manne bila ya kukopa senti. Na anayeona mafungu kumi ni mazito ana haki ya kuomba yagawanywe kumi na mawili.

Lakini hakuna gharama inayotuumiza sisi wageni kama za Home Office. Ada ya afya ilipoanza mwaka 2015 ilikuwa pauni 200 kwa mwaka. Februari 2024 ilipandishwa kufikia 1,035 kwa mtu mzima, na hulipwa yote mbele: viza ya miezi thelathini ni pauni 2,587.50 kabla hujaweka ada ya ombi lenyewe. Ombi la ukaazi wa kudumu lilipanda Aprili 2025 na kufikia pauni 3,029 kwa mtu mmoja. Kwa kiwango hicho mume, mke na watoto wawili ni pauni 12,116. Waliopewa hifadhi ya ukimbizi hawatozwi ada hiyo ya ukaazi, lakini waliokuja kwa ndoa au kwa kazi wanatozwa. Tunaziona ada hizi ni dhulma, na tutaendelea kusema hivyo. Hata hivyo dhulma yenye tarehe inahitaji kuwekewa pesa kama haki yenye tarehe. Pauni 3,029 ukizigawa kwa miezi sitini ya kungojea ni kiasi cha pauni 50.50 kwa mwezi. Ukizingojea mwezi wa mwisho ni mlima, na tumewaona walioupanda mlima huo kwa kadi tatu za mkopo, na wengine walioshindwa kabisa, muda wa viza ukapita, na kazi na pango vikaenda pamoja nao. Hapo ndipo hesabu ndogo ya nyumbani inapogeuka kuwa suala la kubaki au kuondoshwa katika nchi.

Wenzetu walioko kwengine wana kalenda zao. Mswahili wa Muscat au Dubai anajua kwamba mulkiya ya gari inataka bima na faini zote ziwe zimelipwa, na wengi wa Dubai wanalipa pango kwa hundi chache kwa mwaka, kila moja ni fungu zito. Mkongomani au Mrundi aliyeko Montréal anajua sheria ya Québec inamtaka awe na matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi, na matairi hayo hayashuki na theluji. Nchi zinatofautiana, hesabu ni ile ile.

Na hapa tuwageukie wasomaji wetu wa nyumbani, kwani wao pia ni sehemu ya hesabu hii. Tangu M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007 na huduma za namna hiyo kuenea, pesa zinafika kijijini kabla simu haijakatwa, nalo ni jambo la kheri. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu karibu dola bilioni 4.9 zilizotumwa na Wakenya walio nje kwa mwaka 2024 peke yake. Lakini wepesi wa kutuma umeleta wepesi wa kuomba, na mara nyingi ombi linakuja asubuhi likitaka jibu kabla ya adhuhuri. Tunawaomba ndugu zetu kwa heshima: ada ya Januari itajeni Julai. Paa linalovuja litajeni kabla ya masika. Harusi ya binti ishauriwe na aliye nje kabla ya tarehe kutangazwa. Tunaomba tu taarifa ya mapema, wala hatumkatazi mtu kuomba, kwa sababu mpwa wenu wa Birmingham hachumi pesa mtini. Kima cha chini cha mshahara kwa saa kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21, na pango la chumba linakula fungu kubwa la mshahara huo katika miji mingi.

Wa nyumbani wanaielewa hoja hii vizuri kuliko wanavyodhani. Kabla ya mwaka 2017 mwenye gari Tanzania Bara alikuwa akidaiwa ada ya mwaka ya leseni ya gari, na wengi walikuwa wakilimbikiza malimbikizo na faini, wengine wakikimbia barabara wakiona trafiki. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 Serikali ikaifuta ada hiyo na badala yake ikaongeza shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Waliolalamika walikuwa na haki, khasa kwa kuwa mafuta ya taa yaliguswa na mwenye kibatari akawa anamlipia mwenye gari. Lakini kwa dereva mwenyewe liangalieni lilivyo: deni zito la mara moja kwa mwaka likawa senti senti kila anapojaza tangi, na kukimbizana kukaisha. Jambo hilo hilo mtu anaweza kulifanya nyumbani kwake bila ya kungoja waziri wa fedha.

Tena sisi si wageni wa kuweka akiba. Upatu na mchezo wameturithisha mama zetu. Wakenya wana chama, Wakongo wana likelemba, Wanyarwanda wana ikimina, na Wasomali tunaoishi nao mitaa hii wana hagbad. Mama asiyejua kusoma aliendesha mchezo wa watu ishirini kichwani mwake na hakuna aliyedhulumiwa. Hii ni hazina na isidharauliwe. Ila ina mapungufu mawili. La kwanza, zamu yako ya kupokea haifuati tarehe ya bima yako. Unaweza kupokea Machi na gari likakataliwa Septemba. La pili, mchezo unasimama juu ya uaminifu wa kijumbe na wachezaji, na mmoja akihama mji baada ya kupokea, sheria haitokusaidia sana. Rai yetu ni kwamba mchezo ubaki kwa mambo makubwa, kama vile nauli za familia kwenda nyumbani, na pesa za gari na nyumba ziwekwe mahali pa peke yake, ikiwa ni benki au kwenye chama cha kuweka na kukopa kilichosajiliwa, ambako amana inalindwa kisheria.

Na wenye kipato kidogo wasipitwe na mpango wa serikali uitwao Help to Save, ulioanza Septemba 2018. Anayepokea Universal Credit na ana mshahara wowote anaweza kuweka mpaka pauni 50 kwa mwezi, na Serikali inamuongezea nusu ya alichoweka, mpaka jumla ya pauni 1,200 kwa miaka minne. Wapo wanaoogopa kwamba wakiweka akiba watakatiwa msaada. Akiba isiyozidi pauni 6,000 haiugusi msaada huo.

Namna ya kuanza haihitaji elimu kubwa. Kaa na mwenzako jioni moja, mzime televisheni, mzitoe karatasi za benki za miezi kumi na miwili iliyopita. Andikeni kila kilicholipwa kisichokuwa cha kila mwezi, kikubwa na kidogo. Mtashangaa. Kijumlisheni, mgawe kwa kumi na mbili, na kiasi hicho kihame kwenye akaunti nyengine siku ile ile mshahara unapoingia, kabla ya Tesco na kabla ya mjomba. Siku ya mwisho wa mwezi hakuna kinachobaki cha kuwekwa. Hilo kila mtu ameshalijaribu. Akaunti hiyo isiwe na kadi. Na isichanganywe na pesa ya dharura, kwa sababu aliyetumia pesa ya matairi kwenye maziko atajikuta hana tairi, na aliyetumia pesa ya maziko kwenye matairi atajikuta anapitisha bakuli.

Kwa nini basi jambo jepesi hivi linatushinda? Tunaamini sababu haiko kwenye hesabu. Wengi wa kizazi chetu walitoka nchini wakiwa na mkoba mmoja na nia ya kurudi baada ya uchaguzi ujao. Uchaguzi ukaja, ukapita, ukaja mwengine. Mtu anayeishi kama abiria kituoni hanunui kabati, seuze kupanga gharama za miaka mitano. Kwa wengi kupanga kulionekana kama kukubali kwamba hatutarudi, na hivyo watu wakaishi miaka ishirini kwa hesabu ya mwezi mmoja mmoja. Tunawaambia wenzetu, na hili tunalisema kwa huruma, kwamba mwenye madeni ya kadi harudi popote. Anayetaka kurudi nyumbani kwa heshima, siku Mungu akipenda, ndiye anayehitaji zaidi kuwa na daftari.

Hatutaki pia kujifanya kwamba daftari linatibu kila kitu. Mwenye mkataba wa kazi usiokuwa na saa maalumu, wiki hii saa arubaini na wiki ijayo kumi, hawezi kuhamisha kiasi kile kile kila mwezi. Na iko familia ambayo baada ya pango na chakula haibaki na kitu. Kuihubiria akiba ni kuikejeli. Kwa hao tunasema mambo mawili. Aanze na kimoja tu, kile kikikosekana kazi inakatika, na kwa wengi hicho ni gari. Aweke fungu la saa za ziada kila zinapopatikana, hata ikiwa ni pauni tano. Na aliyekwishazama asijifiche: apige simu kwa wanaomdai kabla wao hawajampigia, na aende kwenye ofisi za ushauri wa madeni za bure kama Citizens Advice au StepChange, asimlipe mtu yeyote anayemuahidi kumfutia deni kwa ada.

Jumuiya zetu nazo zina wajibu. Tunakutana kwa maulidi, kwa harusi, kwa misa na kwa mikutano ya siasa isiyokwisha. Mkutano mmoja kwa mwaka, mwezi wa Septemba kabla ya baridi na kabla ya Januari, ungeweza kuwekwa kwa ajili ya hesabu za nyumbani, akaalikwa anayejua sheria za wapangaji na anayejua kodi. Na kila jumuiya iwe na mfuko wa maziko unaochangiwa kila mwezi. Kusafirisha maiti kutoka hapa mpaka Afrika Mashariki ni maelfu ya pauni, na mauti ndiyo ahadi pekee ambayo hakuna mtu aliyeikosa. Ni fedheha kwamba bado tunapitisha orodha ya michango hali marehemu yuko kwenye jokofu la hospitali na mjane anasikia nani katoa na nani hakutoa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofundishwa tukiwa wadogo. Watoto wetu wanaokulia huku hawatajifunza hilo kwa methali. Watalijifunza wakimuona baba yao anailipa bima siku yake, anakunja risiti, na anaendelea na chakula chake bila ya kupandisha sauti. Tarehe za mwaka ujao zimeshaandikwa. Tuzitafute wiki hii, kabla hazijatutafuta wenyewe.